Amelala, lakini kotisoli haijalala

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa daktari mwenzangu: "Mpe nusu kaputi, alale, mwili usipate mshtuko." Jamani! Gesi humfanya mgonjwa asijue kinachoendelea, basi. Habari za kisu zinapanda uti wa mgongo hadi hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoamuru homoni, kama kawaida. Itazame monita ngozi inapochanwa: mapigo yalikuwa 72, mara 98. Adrenalini imeshamwagika, ACTH, homoni inayoziamsha tezi za adrenali juu ya figo, imepanda; kotisoli, homoni ya mkazo, na sukari ziko njiani.

Ganzi ya mgongo huzikatia habari hizo njia. Swali ni imefika wapi. Mtu anaganzisha mpaka kitovuni, T10 (neva ya kumi ya kifua; T ni kifua, L kiuno, S nyonga), mama wa kutolewa kizazi hasikii kisu, naye anajipongeza. Hasikii, sawa, lakini tezi za adrenali hupata neva zake za simpathetiki, zile za kuushtua mwili, kutoka takriban T5 hadi L1, nazo ziko macho. Ukitaka kotisoli na sukari zitulie kwenye upasuaji huo, ganzi ishike kuanzia T4, usawa wa chuchu, hadi S5. Pima kwa pamba ya spiriti, kulia na kushoto. Presha itashuka, kwa hiyo efedrini, dawa ya kuipandisha, iwe imeshavutwa kwenye bomba.

Tumbo la juu ni kesi nyingine: neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo, na ya freniki, itokayo shingoni, hupita pembeni ya ganzi yako, hata uipige vizuri namna gani. Na interleukini-6, kemikali ya uvimbe, hutoka kwenye kidonda chenyewe na kusafiri kwa damu. Ganzi haiizuii.

Halafu kuna saa. Mililita 3 za bupivakaini nzito ya 0.5%, dawa ya ganzi ya mgongo, hukupa saa mbili hadi tatu, kisha kotisoli hupanda mgonjwa akiwa wodini. Mwenye kisukari aliyetoka chumba cha upasuaji na sukari ya 7 anaweza kufika 14 jioni, na faili halina kipimo hata kimoja. Epidura, ganzi ya mgongo inayotiririshwa kwa mrija, ikiendelea saa 24 hadi 48 huongeza muda.

Kuhusu saratani, acheni kuwaahidi watu kwamba ganzi huizuia isirudi. Maabara ilitupa matumaini, kwamba dawa za maumivu za jamii ya afyuni na gesi hudhoofisha seli za kinga. Kisha mwaka 2019 jarida la tiba la Lancet likachapisha jaribio la wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya matiti: ganzi ya paravetebra (kando ya uti wa mgongo) na propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, dhidi ya gesi ya sevoflureni na afyuni. Saratani ilirudi kwa takriban 10% kila upande.

Hata kotisoli yenyewe inanitia shaka. Grafu ikishuka tunafurahi, ilhali homoni hiyo ndiyo inayozuia uvimbe usipitilize, na ushahidi kwamba kidonda hupona vizuri zaidi kwa kuishusha ni mwembamba. Ganzi bado naichagua, ila kwa ajili ya maumivu na mapafu.