Nani kakwambia ukimkimbia mume anayekupiga hupokei Komunyo?

Wiki iliyopita kaja mama mmoja katokea kule juu mlimani, mkono umefungwa bandeji, kakaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu misa ya asubuhi ilipoisha. Hata sijamuuliza kitu ananiambia, "Shikamoo katekista, sijaja kushtaki, nataka tu kujua nikirudi kwetu bado nitaruhusiwa kupokea?"

Jamani. Miaka 11 nawasikiliza wanandoa parokiani hapa Moshi na hili swali limenichosha, sio kwa sababu yao, kwa sababu ya hao wanaowajaza hofu. Mama mkwe anamwambia vumilia huo ndo msalaba wako, jumuiya wanamwambia ukitoka umetengwa na Kanisa, basi anarudi kupigwa akidhani anamtii Mungu.

Kanisa halimfungi mtu kwenye nyumba anayopigiwa. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa za 1983 inasema mwenzi akimletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya mwili au ya roho, au akafanya maisha ya pamoja yawe magumu kupita kiasi, huyo mwenzake ana sababu halali ya kuondoka. Kawaida unapitia kwa askofu, ila kama kuchelewa ni hatari unaondoka kwa uamuzi wako mwenyewe, yaani panga likishatoka usianze kutafuta barua ya mwenyekiti wa jumuiya, beba watoto toka, barua zitafuata. Ndiyo, kanuni hiyohiyo inasema sababu ikiisha mrudiane, lakini kuisha kwa sababu sio kuja na mbege na jani la isale, lile la kuombea msamaha kwa Wachaga, mbele ya wazee. Mi mwenyewe Mchaga, isale naiheshimu sana, ila mtu ameacha kupiga utamjua kwa miezi mingi, sio kwa jioni moja. Na Papa Fransisko kwenye waraka wake wa familia, Amoris Laetitia ya 2016, namba 241, anasema kuna wakati kutengana kunakuwa ni lazima hata kimaadili, ili kumkinga aliye dhaifu na watoto.

Sasa Komunyo. Umetengana na mumeo, unaishi peke yako na watoto, unapokea kama mwingine yeyote. Hata mahakama ikikupa talaka na hujaingia kwenye uhusiano mwingine, unapokea, Yohane Paulo wa Pili alishaliandika hili tangu 1981 kwenye waraka wake Familiaris Consortio, halafu bado 2024 nilikuta mama kakaa miaka sita bila kupokea kwa sababu ya maneno ya jirani! Kinachozuia ni kuishi na mwingine kama mke na mume wakati kifungo cha ndoa ya kwanza bado kipo. Na hata huyo hajatengwa na Kanisa, aje misa, watoto wabatizwe, akae na paroko wake waongee.

Kwenda mahakamani nako sio kumkana Kristo. Katekisimu namba 2383 inasema talaka ya kiserikali inaweza kuvumiliwa kama ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki zako, malezi ya watoto au urithi. Na haki zipo: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, hakuna mwenye ruhusa ya kumchapa mwenzi wake, na tangu 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilikubali kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali. Kwa hiyo nenda Dawati la Jinsia polisi, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, tibiwa. Na hili nawaambia wote wanaokuja: cheti cha ndoa na kadi za kliniki za watoto weka kwa dada yako, mapema, usisubiri usiku wa kukimbia.

Mengine nayasema haraka. Eti Kanisa siku hizi linatoa talaka: hapana, mahakama ya Kanisa inachunguza kama ndoa ilikuwepo tangu siku ya kiapo, mfano binti alilazimishwa na wazazi kwa sababu ya mimba. Eti ubatili, yaani Kanisa kutamka kuwa ndoa haikuwepo tangu mwanzo, ni wa wenye hela: mageuzi ya 2015 yaliondoa sharti la kupata hukumu mbili zinazofanana, na Papa akataka kesi ziwe bure kadiri inavyowezekana. Eti watoto wanakuwa wa nje ya ndoa: kanuni ya 1137 inakataa. Eti mahari haijaisha kwa hiyo ndoa sio halali: sio Kanisa wala serikali inayosema hivyo, hilo deni mmalizane nyumbani.

Ukija kuulizia ubatili njoo na cheti cha ndoa, cheti cha ubatizo, na majina ya watu waliowajua kipindi cha uchumba. Wengi wananiletea mashahidi wa ugomvi wa juzi. Hao wanasaidia kidogo tu, maana kinachotafutwa ni nini kilikuwa moyoni siku ile mliposimama altareni.