Pilau inanuka au inanukia? Neno "smell" na ndugu zake

Mpwa wangu yuko darasa la sita, shule ya Kiingereza. Jumapili moja aliingia jikoni, akavuta hewa mbele ya sufuria, akamwambia mama yake kwa fahari: "Mama, your pilau smells!" Alitaka kusema inanukia. Kumbe kasema inanuka.

Sisi tofauti hiyo tumeiweka kwenye kitenzi chenyewe: kunuka ni kubaya, kunukia ni kuzuri. Anayesogeza pua ananusa, na ikimjia yenyewe "anasikia" harufu, kana kwamba pua ni sikio. Mwingereza kazi zote hizo kampa "smell" peke yake. Ukiliacha bila kivumishi, msikilizaji huelekea ubaya; ukitaka sifa, lazima uongeze: "it smells good".

Ubaguzi wake kauweka kwenye nomino. "Aroma", neno la Kigiriki lililohusu viungo, ni la jikoni: kahawa, mkate unaotoka tanuri, iliki. "Fragrance" ni la maua na sabuni. Sema chapati zina "fragrance" na wageni watadhani umezipulizia marashi. "Scent" ni hafifu na hufuatwa, ndiyo anayoifuata mbwa wa polisi. "Odour" ni neno la maabara, kavu. Gesi ya kupikia kwa asili haina "odour". Huongezewa kemikali inayonuka vibaya ili mtungi ukivuja uisikie. "Stink" ni la mazungumzo, halina adabu. "Stench" ni uvundo hasa: mzoga, mtaro ulioziba. Ila neno la shombo Waingereza hawana. Watazunguka tu na "fishy smell", na aliyewahi kupanda daladala jirani na ndoo ya samaki anajua hiyo haitoshi.

Linalonifurahisha zaidi ni moshi. "Perfume" inatokana na Kilatini, maana yake kwa moshi, kwa sababu manukato ya kale yalichomwa. Aliyewahi kufukiza nguo kwa udi juu ya chetezo haoni ajabu. "Reek" nayo mwanzo ilikuwa moshi tu. Jiji la Edinburgh, Uskoti, lilibandikwa jina la utani "Auld Reekie", yaani kongwe lenye moshi, kwa moshi wa dohani zake. Moshi wa kwanza ukaishia kwenye chupa ya bei mbaya, wa pili kwenye shati la mvuta sigara: "he reeks of cigarettes".

Tofauti hizi huwa na gharama dukani. Losheni iliyoandikwa "unscented" huenda imetiwa manukato kidogo ya kuziba harufu ya malighafi, ndiyo maana husikii kitu. Kama ngozi yako inawashwa na manukato, tafuta iliyoandikwa "fragrance-free", kisha pitia na orodha ya viambato nyuma ya chupa.