Kwa nini dawa ya mitishamba ya Kichina haichemshwi yote kwa mpigo?

Anayetibiwa kwa sindano za Kichina aghalabu hupewa pia mfuko wa mizizi, magome na majani akachemshe nyumbani. Ndani ya mfuko huo huwa mna vifurushi vidogo vilivyofungwa kando: hiki kitangulie, kile kitiwe mwishoni. Wengi humwaga vyote chunguni kwa pamoja, na hapo ndipo dawa inapoharibika.

Sindano na chungu vimeandamana tangu kale. Tabibu Zhang Zhongjing, aliyeandika kitabu cha tiba cha Shanghan Lun mwanzoni mwa karne ya 3, anamtaja mgonjwa wa homa aliyekunywa mchemsho wa guizhi akazidi kuhangaika badala ya kupata nafuu. Zhang aagiza achomwe sindano kwanza Fengchi na Fengfu, sehemu za kisogoni, kisha apewe mchemsho uleule. Kwa vipimo vya siku hizi ni vijiti vya mdalasini gramu 9, mzizi wa shaoyao gramu 9, tangawizi mbichi gramu 9, mzizi mtamu wa gancao gramu 6, na kunazi za Kichina, ambazo Zhang mwenyewe aliandika 12. Baada ya kunywa, mgonjwa hunywa uji mwembamba wa moto na kujifunika kwa muda wa saa mbili hivi, atoke jasho jepesi. Likitiririka, asema Zhang, ugonjwa hautaondoka.

Mchemsho wa kawaida huanza na maji baridi. Dawa huloweshwa dakika 30, maji yakiipita kwa vidole viwili. Maji ya moto hayafai, maana wanga na protini za juu ya mzizi huganda na kuzuia vya ndani visitoke. Moto huwa mkali mpaka ichemke, kisha hupunguzwa kwa dakika 20 hadi 30, halafu dawa ikachujwa. Hutiwa maji mengine, ikachemshwa tena dakika 15 hadi 20. Maji ya mara zote mbili huchanganywa na kugawanywa, nusu asubuhi na nusu jioni. Tumia chungu cha udongo au sufuria isiyoshika kutu. Chuma cha kawaida huungana na taniini, viambato vyenye ukakasi, za magome, mchemsho ukawa mweusi. Ikiungua, mwaga. Kuongeza maji hakuiokoi.

Sasa zamu za kuingia chunguni. Jasi na makombe ya chaza ni vigumu, hutoa vilivyomo polepole, kwa hiyo hupondwa na kutangulizwa dakika 20 hadi 30. Nanaa hungoja dakika 5 za mwisho, kwani mafuta yake hupaa na mvuke. Jikoni kote kukinukia nanaa, ujue dawa inaishia hewani. Mzizi wa dahuang ndio wenye mambo. Ukitiwa mwishoni huharisha sawasawa. Ukichemshwa kwa muda mrefu, viambato vinavyosukuma tumbo huvunjika, ukawa mpole. Kwa hiyo tabibu hubadili nguvu ya dawa bila kubadili gramu. Mbegu za cheqianzi hufungwa kwenye kitambaa, la sivyo utelezi wake hushika chini ya chungu na kuungua.

Cha kuogopwa ni fuzi, mzizi wa mmea wa akoniti. Una akonitini, sumu ya moyo na neva. Kuchemsha ndiko kunakoivunja sumu hiyo iwe dhaifu zaidi, ndiyo maana fuzi hutangulia peke yake dakika 30 hadi 60, hata ile iliyokwisha kutayarishwa dukani. Midomo na ulimi vikifa ganzi, au mapigo ya moyo yakienda mrama, ni hospitali mara moja.

Qinghao, mmea wa jamii ya artemisia, nayo kwa homa za vipindi haikupikwa. Katika karne ya 4, Ge Hong aliagiza konzi yake iloweshwe majini, ikamuliwe, inywewe kwa homa za vipindi. Kuchemsha hakukutaja. Mwanasayansi Tu Youyou aliyaona maandishi hayo, na mwaka 1971 akaikamua dawa kwa etha, kiyeyushi ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 tu. Hapo ikapatikana artemisinini, msingi wa dawa mseto tunazomeza kwa malaria, na Tu akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hilo halihalalishi chai ya artemisia: Shirika la Afya Duniani haliipendekezi, kwa kuwa kipimo chake hakitabiriki na huweza kuzalisha usugu.

Umakini wa chunguni hausaidii kama mzizi wenyewe si wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mjini Brussels, takriban wanawake 100 waliomeza vidonge vya kupunguza unene waliharibika figo, kwa sababu mahali pa mzizi wa hanfangji palitiwa mwingine, guangfangji, wenye asidi ya aristoloki inayodhuru figo. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse mizizi ya danshen wala danggui kabla daktari wake hajajua, kwani huongeza hatari ya kuvuja damu. Mchoma sindano naye aambiwe.