Troponini ikipanda kwa mgonjwa wa sepsisi: maswali ya ndugu wa mgonjwa

Mgonjwa wetu ana nimonia kali. Mbona wanampima moyo?

Maambukizi yakizidi, kinga ya mwili yenyewe inaweza kuvuka mpaka na kuanza kuumiza viungo vyake. Hiyo ndiyo sepsisi. Kemikali zinazomwagwa kwenye damu hulegeza misuli ya moyo. Wakati huohuo presha hushuka na mapigo huenda mbio, hivyo moyo unafanya kazi kubwa kwa oksijeni kidogo.

Damu inaonyeshaje hayo?

Kwa troponini, protini inayosaidia misuli ya moyo kujikaza. Makazi yake ni ndani ya seli. Seli zikijeruhiwa, huvuja na kuonekana kwenye damu baada ya saa chache.

Kwa hiyo ikipanda, mshipa wa moyo umeziba?

Si lazima, na hapa ndipo ndugu wengi hushtuka bure. Troponini ni shahidi aliyeona jeraha bila kumwona aliyejeruhi. Wagonjwa wengi wa sepsisi huwa nayo juu ingawa mishipa yao ya moyo iko wazi. Figo zikishindwa, nayo hupanda. Kwa hiyo daktari hurudia kipimo baada ya saa chache aone kama namba inapanda au imetulia, kisha hupima umeme wa moyo na kuutazama kwa ultrasaundi. Haraka ya kumtibu kana kwamba mshipa umeziba haisaidii: dawa nzito za kuzuia damu kuganda, akipewa mtu asiyezihitaji, zinaweza kumvujisha damu, na sepsisi mara nyingi huwa tayari imepunguza chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia damu kuganda. Lakini namba kubwa isipuuzwe. Kadiri inavyokuwa juu, ndivyo hatari ya kifo inavyoongezeka.

Na BNP je?

Hiyo ni homoni ambayo moyo hutoa kuta zake zikivutwa. Dripu nyingi, figo mbovu na uzee pia huipandisha, kwa hiyo ikiwa chini ndipo inapotoa jibu safi zaidi: moyo kushindwa kazi hakuelekei.

Moyo utarudi kama zamani?

Kwa wengi wanaopona, ndiyo. Watafiti wa Marekani walieleza mwaka 1984 kwamba moyo uliotanuka kwa sepsisi ulirejea hali yake ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Hakuna dawa ya kushusha troponini. Kinachotibiwa ni maambukizi, kwa antibayotiki za mapema, maji ya kiasi na dawa za kupandisha presha. Kama ultrasaundi ilionyesha moyo dhaifu, ulizeni itarudiwa lini kabla hamjaruhusiwa.