Kipimo cha ngozi cha TB kwa mhudumu wa afya anayeanza kazi

Siumwi wala sikohoi. Nipimwe TB ya nini?

Kwa sababu vimelea vya TB vinaweza kukaa mwilini miaka mingi vikiwa vimelala. Mtu wa namna hiyo hana dalili na hamwambukizi yeyote. Inakadiriwa kuwa robo ya watu duniani wako hivyo. Kipimo cha mwanzo kinaandika hali uliyoingia nayo kazini. Siku ukigundua kwamba mgonjwa uliyekuwa ukimhudumia alikuwa na TB ya mapafu, utapimwa tena. Jibu likitoka chanya na kumbukumbu ya mwanzo haipo, nani atasema maambukizi ni ya wiki hizi au ya utotoni? Kwa maoni yangu karatasi hiyo ina faida kwako kuliko kwa mwajiri, basi tunza nakala.

Kinafanywaje?

Mililita 0.1 ya tuberkulini huingizwa kwa sindano nyembamba juujuu ndani ya ngozi, upande wa ndani wa kigasha. Panainuka kijipele cheupe cha milimita 6 hadi 10. Kisipoinuka, huenda sindano imezama mno, na utachomwa tena mahali pengine. Tuberkulini ni protini za bakteria wa TB zilizosafishwa. Haina bakteria hai, kwa hiyo haiwezi kukupa ugonjwa.

Unarudi kusomwa baada ya saa 48 hadi 72. Kabla hujakubali kuchomwa Alhamisi, uliza kama kuna msomaji wikendi. Kuoga ruksa, lakini usikune wala kubandika plasta.

Mimi ni muuguzi, si naweza kujisomea mwenyewe?

Hapana, hata ukiwa daktari bingwa. Wekundu hauhesabiwi kabisa. Msomaji hupapasa kwa kidole kutafuta uvimbe mgumu, kisha hupima upana wake kwa kukatisha mkono. Jibu liandikwe kwa milimita. Kama hakuna uvimbe, iandikwe 0. Neno “hasi” peke yake halimsaidii atakayelisoma miaka mitano baadaye.

Jibu langu ni hasi. Mbona naambiwa nirudi kuchomwa tena?

Hapa ndipo waajiriwa wengi wanapokasirika wakidhani wanasumbuliwa bure. Mtu aliyeambukizwa zamani, kinga yake inaweza kusahau tuberkulini. Sindano ya kwanza inaiamsha kumbukumbu hiyo, ila mkono hauvimbi. Ya pili, baada ya wiki moja hadi tatu, mkono unavimba. Ikitokea hivyo sasa, tunajua ni mwitikio wa maambukizi ya zamani, au wa BCG, chanjo ya TB. Lakini tungeiacha sindano hiyo ya pili hadi upimwe tena mwakani, uvimbe uleule ungeonekana kama maambukizi mapya ya kazini, na wodi nzima ingeanza kusakwa chanzo kisichokuwepo. Ukiwa na cheti cha kipimo hasi cha miezi 12 iliyopita, kwa kawaida unachomwa mara moja tu.

Nilichanjwa BCG utotoni. Je, itavuruga jibu?

Inaweza, ingawa athari hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita. Usiitumie BCG kama kisingizio cha kupuuza uvimbe mkubwa. Mahali penye kipimo cha damu cha TB, kiombe: hakivurugwi na BCG na unatolewa damu mara moja tu.

Uvimbe wa milimita ngapi ni chanya?

Kwa mhudumu wa afya, mara nyingi ni 10 na kuendelea. Kwa anayeishi na VVU, au aliyekuwa karibu na mgonjwa wa TB siku za karibuni, ni 5. Kinga ikiwa dhaifu, hata mwenye maambukizi anaweza kutovimba, hivyo mweleze mpimaji hali yako. Mweleze pia kama umechanjwa surua ndani ya wiki 4 hadi 6 zilizopita, au kama kipimo hiki kiliwahi kukutoa malengelenge. Aliyetoka malengelenge hachomwi tena. Ujauzito hauzuii.

Nikiwa chanya, nimekosa kazi?

Chanya haimaanishi unaumwa TB. Utaulizwa dalili: kikohozi kisichoisha, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Utapigwa eksirei ya kifua, na kukiwa na dalili yatapimwa makohozi. Vyote vikiwa safi, unaingia kazini. Utashauriwa dawa za kinga, na mimi ningezimeza: bila dawa, watu 5 hadi 10 kati ya 100 walioambukizwa huja kuugua maishani. Ipo tiba ya isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na ipo ya rifampisini kila siku kwa miezi minne.

Nitapimwa kila mwaka?

Inategemea mwongozo wa kituo chako. Marekani iliacha kupendekeza kipimo cha kila mwaka kwa wahudumu wote mwaka 2019. Ukikaa na mgonjwa wa TB bila barakoa inayofaa, unapimwa bila kuchelewa, na ukiwa hasi unarudiwa wiki 8 hadi 10 baada ya siku ya mwisho ya kukutana naye. Aliyewahi kuwa chanya hachomwi tena. Huulizwa dalili tu.