Refa, ile ilikuwa wapi?

Juzi tumekaa kwenye nyama choma hapa Columbus, jamaa mmoja wa nyumbani akaniuliza, hivi we ukisimama nyuma ya yule mwenye kinyago, watu wakikupigia kelele kuhusu mpira unawajibugi nini? Nikamwambia inategemea kaulizaje. Akacheka, akadhani namkwepa. Ndo jibu lenyewe lakini, ngoja nilieleze.

Mi ni refa wa besiboli, mechi za sekondari na za watoto huku Ohio, msimu wa saba sasa. Mrushaji wa sekondari anarusha kutoka mita 18 na kidogo, na mpigaji (jina lake la kizungu ukilitamka Kiswahili linakuwa bata, kwa hiyo nabaki na mpigaji) asipozungusha gongo, mimi ndo nasema kama ni straiki au boli. Straiki tatu katoka, boli nne anatembea bure mpaka besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha kukimbilia. Straiki zoni yenyewe ichukulie kama dirisha lisilo na fremu, upana ni wa hom pleti, lile bamba jeupe la chini pale anaposimama mpigaji, inchi 17 yaani kama sentimita 43, chini magoti, juu katikati ya mabega na kiuno, na mpira ukigusa hata ukingo tu ni straiki, ukipita nje yake ni boli. Sa dirisha halionekani, linabadilika kila anapokuja mpigaji mwingine, na kinachohesabika ni mpira ulipopita juu ya pleti, sio kecha, yule mdakaji mwenye kinyago, alipoudakia. Ugomvi mwingi unazaliwa hapo. Mpira wa kupinda unaweza kupita vizuri kabisa usawa wa goti halafu kecha akaudakia karibu na vumbi, na uwanja mzima wameona vumbi.

Kocha naye yuko benchi, pembeni. Kutoka pale juu na chini anaona, siwezi kumbishia, ila ndani na nje haoni hata kidogo. Na kelele zake nyingi ni za ndani na nje.

Kanuni zinanilinda sana tu: maamuzi ya straiki na boli ni ya mwisho, na kocha akitoka benchi kuja kubishana anaonywa, akiendelea anatolewa. Kwa hiyo naweza nikanyamaza mechi nzima, ila refa anayemjibu kila mtu "kaa kimya" mechi inamfia mkononi mapema.

Mi naangalia swali lenyewe. "Ilikuwa wapi?" ni swali. "Hivi unaangalia nini?" sio swali, hata likiwa na alama ya kuuliza. La kwanza najibu, tena neno moja: chini. Nje. Juu. Basi. Msimu wangu wa kwanza kocha aliniuliza mpira mmoja tu mapema kabisa, mi nikajiona mwalimu nikaanza kumwelezea, uliingia hivi ukakata hivi ukapita kama inchi mbili, kumbe nafungua kijiwe, maana kuanzia hapo kila mpira ana neno na mimi ndo niliyemkaribisha.

Kecha ni habari nyingine. Huyu ndo anakaa mbele yangu anadaka mipira ambayo vinginevyo ingenifika kooni, kwa hiyo tunaheshimiana. Kecha mwenye akili anauliza kwa sauti ya chini huku anamtazama mrushaji wake, namjibu, anarudisha mpira, na jukwaani hakuna anayejua kama tumeongea. Akigeuza shingo tu kunitazama, hata kama anauliza kwa adabu zote, kina baba kwenye fensi wanasikia kalalamika na kelele zinaanza. Huwa nawaambia mapema, kijana, ongea na mimi ukiangalia mbele.

Mambo yakianza kuchemka natoa brashi. Nazunguka mbele ya pleti, mgongo kwa mrushaji, nainama nafagia pleti ambayo mara nyingi ni safi tu, na pale chini ndo naongea na kecha na mpigaji bila mtu mwingine kusikia. Wanaotazama wanaona usafi.

Kelele za benchi tumefundishwa kwa ngazi. Kwanza hujasikia. Pili umesikia, unamwangalia, "nimekupata kocha". Tatu unaonya, tena kwa sauti ili na wengine wajue. Nne anaondoka. Ila kuna vitu vinaruka ngazi zote. Aprili mwaka jana, baridi kali, nilimpa kijana straiki ya tatu ukingo wa nje, hakusema neno, akachukua gongo akachora mstari kwenye vumbi kuonyesha mpira ulipopita. Nikamtoa palepale. Mama yake akaja kwenye fensi analia na mimi, mwanangu kasema nini? Nikamwambia hajasema kitu mama, ameandika.

Na kukosea tunakosea. Kecha akiniuliza na najua nimechemka, namwambia "ule ulinipita". Hiyo naitumia mara moja kwa mechi, ukiisema mara tatu watakuuliza umekuja kufanya nini. Kufidia kwenye mpira unaofuata sifanyi kabisa, nitakuwa nimekosea mara mbili, kila timu na lake.

Sa huko ligi kuu ya Marekani, kuanzia msimu wa 2026, wana kamera za kukata rufaa. Kila timu inaanza na rufaa mbili, ukishinda unabaki nayo, na anayeruhusiwa ni mrushaji, kecha au mpigaji tu, anagonga kofia yake papo hapo. Kocha hayumo! Hicho ndo nimekipenda. Korea Kusini walishatangulia, tangu 2024 mashine inaamua mipira yote na refa anasikilizia sikioni.

Kwetu kuna fensi na mimi. Ila watoto wanaangalia TV, na msimu huu kijana mmoja nimempa straiki ya pili ya chini, akagonga helmeti yake mara mbili huku ananitazama. Nikamuuliza, kichwa kinawasha? Akasema hapana bwana refa. Haya, straiki mbili, simama tucheze.