Bima ya safari haisubiri siku ya ndege

Swali limerudi tena wiki hii, kwa maneno yale yale: "Mwenzangu anasema atakata bima siku mbili kabla ya kuondoka, kwani inaanza tukipanda ndege. Nimwingilie au nimwache? Mtu mzima na pesa yake." Hiyo habari ya "inaanza tukipanda ndege" imenichosha, na kinachoniumiza ni kwamba baadhi ya mawakala wenzangu ndio wanaoieneza.

Hati ni moja, lakini ndani yake mna kinga zinazoanza siku tofauti. Matibabu ya dharura, kurudishwa nyumbani, begi kupotea: hizo zinaanza siku ya kuondoka mliyoiandika kwenye fomu. Kinga ya safari kuvunjika, kama ipo kwenye hati, kwa kawaida inaanza bima inapotolewa na kukoma mnapoanza safari. Yaani kazi yake yote iko kabla ya ndege. Ukiugua mwezi mmoja kabla, ukifiwa na mzazi, ndiyo inayokurudishia nauli na hoteli. Anayekata siku mbili kabla amejipatia siku mbili tu za kinga hiyo, na bei ni ile ile, maana bei hupangwa kwa umri, nchi anakokwenda na siku atakazokaa huko. Kuchelewa hakumpunguzii hata shilingi.

Halafu kuna matukio yaliyokwisha kujulikana kabla hujakata bima, ambayo kwa kawaida hayalipwi, na hapa ndipo watu wanapolia. Chukua mgomo wa uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Chama cha wafanyakazi wa anga cha Kenya kilitoa notisi hadharani Agosti 2024, kikipinga mpango wa kuipa uwanja Adani, kampuni ya India. Mgomo ukasogezwa, watu wakadhani yameisha. Tarehe 11 Septemba kazi zikasimama, abiria wakakwama. Aliyekata bima Julai, yenye kipengele cha mgomo, ana hoja ya kudai fidia. Aliyekata tarehe 10 Septemba ataulizwa swali moja tu: notisi ilitoka lini, na wewe umelipa lini? Hapo hakuna wakala wa kukutetea, hata angekuwa shemeji yako.

Lazima niseme pia jambo ambalo vipeperushi havilisemi: si kila bima ina kinga ya safari kuvunjika. Viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, inadai bima ya angalau yuro 30,000 kwa matibabu ya dharura, kurudishwa nyumbani na kifo, basi. Bima nyingi za bei nafuu zimeishia hapo. Anayekwenda huko hachelewi sana hata akitaka, kwani bima inatakiwa kwenye maombi ya viza, na kampuni nyingi humrudishia pesa akileta barua ya kunyimwa kabla ya tarehe ya kuanza. Wanaochelewa hasa ni wa Dubai, Istanbul, Guangzhou na Mumbai. Kama mwenzako anatafuta ile ya matibabu tu, siku zinazopita hazimpotezei kikubwa, na ukimsumbua kila asubuhi unagombana naye bure. Kwa hiyo kabla hujamwingilia, uliza anataka bima gani. Hatari ya huyo wa matibabu tu ni kujisahau hadi akajikuta Doha anasubiri ndege ya pili. Bima nyingi ni lazima zikatwe kabla hujatoka nchini kwako.

Mimi ninasema mwingilie, mapema, na uanze na pesa yenu ya pamoja. Mmelipia chumba cha watu wawili kisichorudishwa. Akiugua akabaki, nani analipa nusu yake? Hilo ni lako kuuliza bila aibu. Angalia na hati yako inavyomwelezea mwenza wa safari: baadhi zinakulipa wewe yeye akiugua, nyingine zinataka muwe mmekata tiketi kwenye buking moja. Na akilazwa ugenini bila bima, hospitali ikataka amana kabla ya kumgusa, anayepigiwa simu ni wewe uliye naye, kisha kundi la WhatsApp la ukoo.

Lakini sikiliza vizuri anaposema "bado mapema, wifi." Nimeshaona mara nyingi kwamba neno hilo limeficha kitu. Mwingine hana uhakika kama atakwenda na anaona haya kukuambia. Mwingine anaona bima hizi zina riba na kamari ndani yake. Huyo usimbishie, mwambie aulizie takaful, bima ya kuchangiana inayofuata misingi ya Kiislamu. Na mwingine, ndiye anayenipa wasiwasi, ana sukari, presha au mimba changa, na hataki kujaza fomu mbele yako.

Ndiyo maana nawakataza kabisa kumkatia mtu bima kimyakimya ili yaishe. Fomu inauliza afya. Utaandika "hapana" kwa nia njema, na siku ya madai kampuni itaomba faili lake la kliniki, ikute anatumia dawa za presha tangu zamani. Kilichofichwa kinaweza kutosha kuvunja mkataba, hata kama aliyeficha hakujua. Mpe namba ya wakala, azungumze naye peke yake, aseme ukweli, aambiwe kama hali yake inakubalika, inaongezewa bei au inaachwa nje. Mimi mteja wa namna hiyo namwingiza ofisini, nafunga mlango, na aliyemleta anabaki nje.

Sijui kusukuma zaidi ya hapo ni haki au ni kujiingiza. Nimekuwa nikijiuliza, hasa kwa wazee wanaokwenda Mumbai kutibiwa. Bima ya safari hailipii tiba waliyoipanga, na ugonjwa ule ule ukizidi njiani huenda isilipe. Kumshurutisha mzee wa namna hiyo anunue karatasi isiyomfaa kwa kile anachokiogopa, sifanyi. Namweleza inacholipa: kuanguka bafuni, malaria, begi. Aamue mwenyewe. Kwa wengine wote, ukishalipia tiketi, bima ikatwe wiki hiyo hiyo, na hati ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya kusimamia bima Tanzania, kabla ya kuichapa.